Mwendawazimu Asiye na Tumbo

Mwendawazimu wa vitabu vyetu vya Kiswahili ana mdomo, lakini hana tumbo. Husema, hutabiri, hucheka peke yake njiani, huwaambia wakubwa maneno ambayo mwenye akili timamu angefungwa kwa kuyatamka. Lakini ni nadra kumwona akila. Hatumwoni akimeza kidonge, wala akipanda mzani, wala akiamka mara ya sita katika usiku mmoja kutafuta maji ya kunywa. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, na nadhani si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu sisi tunaosoma hujifunza vitabuni namna ya kuwatazama watu, kisha tukarudi nyumbani kuwatazama watu wetu kwa macho hayo hayo.

Nianze na kitabu ninachokipenda. Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwani, katika ziwa lile lile tunaloliona sisi wa Bukoba kila tufunguapo dirisha, naye alifariki mwaka 2020. Jina la riwaya ni la mwili kabisa: kichwa chenye maji. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na kichwa hicho kina chanzo chake katika maisha ya baba mtu, mkuu wa wilaya aliyedhani kwamba cheo kinamkinga na kila kitu. Hapo Kezilahabi hakuukwepa mwili, tena aliutazama bila kupepesa. Lakini mtazame Kazimoto, msimulizi. Kadiri mawazo yake yanavyozidi kuvurugika ndivyo anavyozidi kuwa sauti tupu. Anawaza juu ya Mungu, juu ya maana ya kuishi, juu ya upuuzi wa mambo yote, mpaka anajiua. Wahakiki tukaja na neno letu, udhanaishi, tukaliweka juu ya maiti kama shuka, tukaridhika. Katika tahakiki zote nilizosoma za riwaya hiyo sikumbuki hata moja inayouliza kama Kazimoto alikuwa anapata usingizi.

Katika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, mambo yamekwenda mbali zaidi. Humo wanafalsafa wa Ulaya hupita kama vivuli, na wazimu unakaribia kuwa cheo, njia ya kuufikia ukweli usiofikiwa na akili ya kawaida. Ni kitabu kigumu na kizuri, wala sikusudii kukipunguzia hadhi. Ila mtu akikifunga hawezi kumtambua kwacho mgonjwa yeyote aliyepata kukutana naye pale Kashai au Rwamishenye. Kabla yake, Ebrahim Hussein katika Mashetani (1971) alimpa Kitaru maradhi ambayo walimu wote wa fasihi wanajua kuyafafanua: ni ukoloni, ni matabaka, ni historia inayomkaba kijana kooni. Ufafanuzi huo ni wa kweli. Lakini mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba Kitaru ni mgonjwa, basi, na anahitaji kutunzwa, sidhani kama atapewa alama.

Sisi wa Bukoba tuna kisa chetu, nacho kimesimuliwa dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Mpaka shule inafungwa, tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Mambo hayo yakasafiri na wasichana mpaka kwao. Huko Nshamba walishikwa watu 217. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, enwara yokusheka, na wengine wakauita akajanja, yaani kichaa. Mwaka 1963 madaktari wawili, Rankin na Philip, walichapisha taarifa yao katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati.

Nimetaja kisa hiki si kwa kujivunia. Taarifa ile ya madaktari ni andishi la adabu. Waliwapima wasichana: walitazama mboni za macho, waligonga magoti, walichukua damu na maji ya uti wa mgongo, na waliposhindwa kuona sumu wala mdudu walisema hivyo. Walieleza pia kwamba wasichana hawakuwa wakicheka tu. Walilia, walikimbia huku na huku, walikuwa na hofu ya kufukuzwa na kitu. Waliokuja nyuma, waandishi wa magazeti na wa vitabu vya mambo ya ajabu, waliyaacha yote hayo wakabakiza kicheko. Leo ukimtajia mgeni Kashasha anatabasamu. Yaani wasichana wale nao wamenyang'anywa miili yao na kuachiwa midomo, kama Kazimoto.

Wakati shule ya Kashasha inafungwa, dawa ya kwanza ya kutuliza wagonjwa wa akili ilikuwa na umri wa miaka kumi. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuwatibu nayo wagonjwa katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Kabla ya hapo wagonjwa walitunzwa kwa kuta na kufuli. Hapa kwetu walikusanywa Lutindi katika milima ya Usambara tangu enzi ya Wajerumani, kisha Mirembe, Dodoma, kuanzia mwaka 1927. Dawa ilifungua milango mingi, na anayeisema vibaya bila kuikumbuka ile milango hastahili kusikilizwa. Baada yake ikaja haloperidoli, mwaka 1958, na sindano ya kila mwezi. Hizo tulizifahamu kwa mwendo wa waliozitumia: mikono haipungi, shingo imekaza, uso hautoi habari, mate yanachuruzika. Mtoto wa mtaani aliweza kumwonyesha mgonjwa kwa kidole akiwa mbali.

Dawa mpya zilikuja kuondoa aibu hiyo. Klozapini, risperidoni, na olanzapini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, hazimkazi mtu viungo kama zile za zamani. Lakini zinaleta tumbo, hasa olanzapini na klozapini. (Klopromazini nayo hunenepesha, ni kwamba zamani hizo watu walikuwa wanatazama mate.) Dawa hizi huziba milango fulani ya ubongo. Mlango uliokusudiwa ni wa dopamini. Milango mingine inazibwa kwa bahati mbaya, ya histamini na ya serotonini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuufikishia mwili habari kwamba umeshiba. Mtu anakula, na habari ya shibe haifiki. Tena hata kabla hajanenepa sana, insulini inayotoka kwenye kongosho huanza kushindwa kazi yake. Sukari inabaki katika damu, na mafuta ya damu yanapanda. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2005, watu 3 katika kila 10 waliopewa olanzapini waliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 7, na kwa wastani waliongeza karibu kilo moja kila mwezi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba wagonjwa waliidumu olanzapini kwa muda mrefu kuliko dawa nyingine walizolinganishwa nazo. Hapo ndipo ugumu ulipo: dawa iliyowanenepesha kuliko nyingine ndiyo waliyokaa nayo.

Sasa turudi Bukoba, maana hapa unene una maana ambayo Marekani haina. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Kabla ugonjwa haujapata jina la serikali watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa fahari ya vijana, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa miaka ishirini tulisomana mifupa ya mabega. Mtu akikonda, watu walishusha sauti. Suruali ikimpwaya, kuna aliyekwishaanza kuhesabu mashuka. Kisha kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure, na watu tuliokwisha kuwalilia wakarudi sokoni na mashavu. Tangu hapo hakuna sifa kubwa hapa kwetu kuliko kumwambia mtu amenenepa. Amenawiri. Amejaa. Amepata mwili. Zingatia neno hilo la mwisho, msomaji, kwamba Kiswahili chetu humwona mtu aliyekonda kama asiye na mwili kabisa.

Ndiyo maana kijana aliyekuwa akizunguka barabarani, hali, halali, akirudi kutoka hospitali na kuanza kujaa, nyumba nzima hushangilia. Wanasoma kwa kamusi ya Ukimwi jambo lililoandikwa katika lugha nyingine.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wao. Nitasema machache juu yake kwa ruhusa yake. Alipoanza olanzapini alikuwa mifupa, na sauti alizokuwa akizisikia zilikuwa hazimpi nafasi ya kupeleka tonge mdomoni. Baada ya majuma machache sauti zilipungua, na hilo si jambo la kupita juu juu. Dada yangu alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza katika mwaka. Kisha kijana akaanza kula. Alimaliza matoke ya jioni, akala yale yaliyobakizwa ya asubuhi, akaenda kwenye mkungu wa ndizi mbivu uliokuwa ukisubiri wageni. Kila siku alishuka dukani kwa soda. Wageni walipofika walimshika mashavu. Shangazi yake mmoja alipiga vigelegele mlangoni: "Waitu, mtoto amerudi! Tazameni alivyopata mwili!" Katika miezi minane suruali zilibadilishwa mara tatu.

Yeye peke yake ndiye hakushangilia. Siku moja aliniambia, "Mjomba, hii si njaa yangu. Njaa yangu naijua, hii ni njaa ya dawa."

Kila alipokwenda kuchukua dawa aliulizwa kama bado anasikia sauti. Alijibu ukweli, kwamba hasikii, akapewa nyingine. Hakuna aliyempima uzito. Kiu ilipoanza, na kutoka nje usiku mara kwa mara, mama yake alidhani wazimu unarudi kwa mlango mwingine, na majirani walisema amezidisha soda. Aliyepima sukari yake alikuwa mtu mwingine, mahali pengine, alikokwenda kwa jipu lisilopona. Sukari ilikuwa juu sana. Mpwa wangu alitaka kuzitupa dawa zote chooni siku ile ile. Daktari aliyempata baadaye hakumwachisha; alimbadilishia polepole dawa nyingine isiyonenepesha sana, akamwongezea metformini, na sauti hazikurudi. Wengine hawapati daktari wa namna hiyo. Wanaacha dawa wenyewe kimya kimya, kwa sababu ya tumbo, na mwezi wa pili au wa tatu tunawaona tena barabarani na kusema ndivyo walivyo.

Nataka kulikalia kidogo neno lake, njaa ya dawa, kwa kuwa ndiyo kazi ya mhakiki. Kiswahili kina maneno mengi ya tamaa ya chakula, na karibu yote yana hukumu ndani yake. Njaa ni ya maskini, na humpatia mtu huruma. Uchu ni wa kitu kimoja. Uroho na ulafi ni dhambi. Mgonjwa anayefungua kabati saa nane usiku akila wali wa baridi kwa mikono, tutamwita nani? Si maskini, maana alikula saa mbili. Si mroho, maana hakuwa hivyo kabla ya vidonge. Kwa kukosa neno, familia humpa lile lililo karibu, mlafi, na kufuli inatiwa kwenye kabati. Mpwa wangu alipotenganisha njaa yake na njaa ya dawa alifanya kwa maneno machache kazi ambayo nimeitafuta katika riwaya za miaka hamsini nisiione.

Na watu wa afya je? Wao wana msemo wao, maudhi madogo madogo. Nani alibuni msemo huu sijui, lakini umekaa katika vyumba vya kliniki kama samani. Ukiuliza juu ya dawa yoyote unaambiwa ina maudhi madogo madogo, usihofu. Kuna maudhi yaliyo madogo kweli, mathalani kinywa kukauka. Lakini kisukari si udhia mdogo, wala mshipa wa moyo kuziba kwa mafuta. Msemo uliotungwa ili kumwondolea mgonjwa hofu umekuja kumwondolea pia haki ya kulalamika, kwa sababu anayelalamikia jambo dogo ni mtu wa kudeka, na akiwa na faili la ugonjwa wa akili ni mtu anayerudiwa na ugonjwa.

Andishi lenyewe analopewa mkononi ni fupi kuliko yote niliyowahi kuhakiki. Vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa, hutiwa katika bahasha ndogo, na juu ya bahasha huandikwa kwa kalamu: 1 × 1 usiku. Basi. Karatasi ya maelezo iliyokuja na kopo, yenye orodha ndefu ya Kiingereza kwa herufi za kuumiza macho, imebaki stoo. Hata ingemfikia, humo unene umepangwa mstari mmoja na kichwa kuuma.

Si kwamba ujuzi haupo. Mwaka 2004 vyama vya Marekani vya madaktari wa kisukari na wa magonjwa ya akili vilikubaliana kwamba kila anayeanzishiwa dawa hizi apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu, na vipimo virudiwe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mwaka 2016 kwa vituo visivyo na mabingwa, yaani vituo kama vyetu, nao unataka uzito na sukari viangaliwe. Mwaka 2018 likatoa mwongozo mwingine juu ya miili ya wagonjwa wa akili peke yake. Shirika hilo linasema watu wenye maradhi makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, na wengi huuawa na magonjwa ya mwili yanayozuilika, ya moyo yakiwa mbele. Vipimo vya sukari vinahitaji vijiti, na vijiti vinahitaji fedha, nakubali. Lakini kiuno hupimwa kwa utepe, na utepe unaning'inia shingoni mwa kila fundi cherehani katika vibaraza vya mji huu. Fundi wa mpwa wangu alijua habari za ugonjwa wake, inchi kwa inchi, miezi minane kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Nasikia ubishi wa wenzangu wa fasihi. Watasema riwaya si zahanati, na mwandishi hana deni la kuhesabu vidonge. Wengine watasema kwamba kumpa mwendawazimu vidonge ni kumnyamazisha, na kwamba heshima aliyompa Kezilahabi, ya kuwa mtu anayeona tusiyoyaona, ni kubwa kuliko heshima ya mzani. Hoja ya pili naiogopa zaidi, kwa kuwa ni tamu. Nimeona inavyotumika. Kuna wanaowaachisha ndugu zao dawa kwa kusema kwamba zinaua, kisha huwapeleka kwenye maombi au kwa mganga, na mara nyingine wanaishia kuwafunga kamba. Dawa zinaokoa. Wafini waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka kumi na moja, na katika taarifa yao ya mwaka 2009 waliokufa wachache kuliko wote walikuwa wale waliotumia klozapini, hiyo hiyo inayonenepesha. Waliokaa bila dawa yoyote kwa muda mrefu walikufa zaidi. Kwa hiyo simwombi mwandishi aandike riwaya ya kuishitaki dawa. Riwaya ya namna hiyo tunayo midomoni tayari, nayo ni mbaya.

Kuhusu hoja ya kwanza, najibu kwamba Kezilahabi mwenyewe alikwishaijibu. Alipotaka tujue uovu wa Manase hakutuandikia insha; alituonyesha kichwa cha mtoto. Ukubwa wa kichwa kile ndio unaokaa na msomaji baada ya falsafa yote ya Kazimoto kusahaulika. Anayeweza kuandika kichwa kile anaweza kuandika tumbo. Anaweza kuandika pia mama anayefurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, asiyejua kama amwongezee mwanawe ndizi au aifiche sufuria. Mama huyo ni mhusika mzuri kuliko wanafalsafa wote wa Nagona, naye yuko Hamugembe, yuko Kamachumu, yuko kila kata.

Mimi ningependa kusoma sura moja tu ambamo Kazimoto hajafa. Amepelekwa hospitali kwa lazima, amerudi nyumbani, anakunywa kidonge kila usiku na ule mfereji wa mawazo umetulia. Ni saa nane. Anashuka kitandani taratibu asimwamshe Sabina, anapapasa ukuta mpaka jikoni, na anakuta ufunguo haupo mahali pake. Ningependa kujua anafanya nini hapo, na Sabina, aliyelala macho akiwa ameushika ufunguo mkononi chini ya mto, anafanya nini.